Siku 6 kwa baiskeli ya changarawe kusini mwa Ufaransa: anzeni mlimani maji yanakotoka, msianzie Toulouse

MwanaWaMfongo (mtoa uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Huu ni mwaka wangu wa 6 Toulouse. Kila mwenye baiskeli hapa anaijua Canal du Midi, mfereji wa km 240 unaoanzia mjini hapa na kuishia kwenye ziwa la chumvi la Thau, jirani kabisa na Mediterania. Na karibu wote wanauendesha kwa namna ileile. Wanatoka mjini, wanapita km 50 za lami kando ya maji huku barabara kuu ya magari ikinguruma jirani, wanafika Castelnaudary wamechoka, wanapanda treni kurudi. Nimefanya hivyo mara 3, na mara zote nilirudi nikijiuliza watu wanasifia nini.

Mwezi wa 5 nikaugeuza. Nilianzia Montagne Noire, mlima ulioko mashariki ya Toulouse, kwenye kijito ambako maji ya mfereji huu yanakamatwa kwa mara ya kwanza, nikayafuata yakishuka mpaka mwisho wake. Sehemu kubwa ni vumbi, changarawe na mizizi ya miti. Nimefurahi kuliko safari yoyote niliyowahi kufanya kwa baiskeli, ndiyo maana nataka kueleza kwa kirefu.

Kwa ambaye hajaiona: baiskeli ya changarawe ina usukani uliopinda kama ya mbio, ila tairi zake ni nene (zangu ni milimita 40), fremu ina nafasi ya tope kupita, na gia zake ni nyepesi za kupandia mlima ukiwa na mzigo. Si ya kuruka mawe makubwa. Ni ya barabara za mashamba na njia za msituni, ambazo Ufaransa inazo kila upande kwa sababu ya kilimo na ukataji wa mbao.

Sasa kwa nini mlimani? Mfereji wa boti unaopita juu ya kilima una shida moja: kila boti inapopita lango la maji (chumba cha kupandishia na kushushia boti), maji yanashuka bondeni na hayarudi. Kwa hiyo pale juu kabisa lazima uwe na maji mapya kila siku, kiangazi na masika. Watu waliota kuunganisha Atlantiki na Mediterania kwa muda mrefu kabla ya mfereji huu, wote wakakwama kwenye swali hilo hilo. Aliyelijibu ni Pierre-Paul Riquet, mtu wa Béziers, ambaye kazi yake ilikuwa kukusanya kodi ya chumvi. Hakuwa mhandisi wa kusomea. Alishirikiana na Pierre Campmas, fundi wa visima na chemchemi wa mji mdogo wa Revel, mtu aliyevijua vijito vya mlima ule kimoja kimoja. Walikamata vijito vya Montagne Noire, wakavichimbia mtaro unaozunguka mlima kwa mteremko mdogo mno, wakaleta maji mpaka Naurouze, mita 189 juu ya bahari, ambako ndiko kilele cha mfereji. Mfalme Louis XIV alitoa amri ya ujenzi mwaka 1666.

Mimi ni mtu wa Marangu. Nimekulia kando ya mfongo wa babu yangu, yaani mtaro wetu Wachagga wa kuleta maji ya kumwagilia kutoka mlimani. Nilipouona mtaro ule msituni, maji yakitembea taratibu ubavuni mwa mlima kana kwamba yanapanda, nilishuka kwenye baiskeli nikasimama. Ulikuwa mfongo. Upana mwingine, mawe mengine, lakini akili ni ileile.

Naendelea na siku moja moja hapo chini.

Kipepeo_Same

Mkuu nimekaa mkao wa kusoma. Sisi Wapare tukisikia mifongo tunaanza kuuliza: ndiva (bwawa la kuhifadhia maji ya mfongo) iko wapi? Au maji yanatiririka tu usiku na mchana?

MwanaWaMfongo

Mkuu umegusa penyewe. Ndiva ipo, tena kubwa, nitaifikia siku ya pili.

SIKU YA 1. Treni ya mkoa kutoka Toulouse mpaka Castelnaudary. Hizi treni zinabeba baiskeli ila nafasi ni chache, kwa hiyo wahi ya asubuhi siku ya kazi. Kutoka stesheni nikaelekea kaskazini-mashariki kwenye vilima vya ngano na alizeti, kisha kupanda tu mpaka Saissac, kijiji kilichoshikilia ukingo wa mlima na ngome yake iliyobomoka. Siku ikiwa safi kutoka pale unaona Pyrenees zote zimejipanga kusini zikiwa na theluji. Mwezi wa 5 theluji bado ipo juu.

Baada ya Saissac unaingia msituni. Ni misitu ya miti inayoitwa hêtre, shina la kijivu lililo laini na majani mepesi yanayopitisha mwanga wa kijani, ikichanganyika na misonobari iliyopandwa kwa ajili ya mbao. Barabara za magogo ni changarawe iliyoshindiliwa vizuri. Hapo ndipo tairi nene zinapolipa. Nilipita ziwa la Lampy, bwawa la miaka ya 1777 hadi 1782 lililojengwa baadaye kuongeza maji, nikalala karibu na Arfons kwenye nyumba ya mwenyeji anayepokea wageni.

Upande ule kuna sehemu inaitwa Fontbruno, kuna mnara wa wapiganaji wa msituni waliowapinga Wajerumani. Julai 1944 mlima huu ulishambuliwa kwa ajili yao. Niliweka baiskeli chini nikasoma majina yote. Kila kijiji cha Ufaransa, hata chenye nyumba 20, kina jiwe la majina ya waliokufa 1914–1918, na mara nyingi ukoo mmoja unaona majina matatu manne. Ukipita kwa gari huoni.

SIKU YA 2. Asubuhi nikaenda Prise d'Alzeau, mahali ambapo kijito cha Alzeau kinakingwa na kuingizwa kwenye mtaro. Usitegemee kitu kikubwa. Ni ukuta wa mawe, lango dogo, na sauti ya maji. Kutoka pale mtaro unaoitwa Rigole de la Montagne unakwenda takribani km 25, ukikusanya vijito kimoja baada ya kingine: Alzeau, Vernassonne, Lampy, Rieutort. Kwa asili vijito hivi vinaelekea Mediterania. Mtaro unavivusha upande wa pili wa mlima, upande wa Atlantiki, ili viweze kufika Naurouze.

Njia inaandamana na maji kivulini muda wote. Kwa kuwa maji yanashuka polepole, na wewe unashuka polepole. Hukanyagi kwa nguvu wala hushiki breki. Wanaotembea kwa miguu wapo, punguza mwendo, wasalimie, wapishe. Penye Les Cammazes maji yanaingia chini ya kilima kwenye handaki la mita 122 alilolijenga Vauban, mhandisi mkuu wa ngome za mfalme, mwaka 1686 na 1687. Wewe unapita juu, halafu unayakuta tena upande wa pili yakishuka kwenda Saint-Ferréol.

Na hiyo sasa, mkuu wangu wa Same, ndiyo ndiva. Bwawa lilijengwa 1667 hadi 1672, ukuta wa udongo na mawe, na linashika zaidi ya mita za ujazo milioni 6. Maji ya masika yanawekwa pale, kiangazi yanafunguliwa kidogo kidogo. Wafanyakazi wa mfereji mzima walifika kama 12,000 kazi ilipopamba moto, wanawake wengi miongoni mwao, na Riquet aliwalipa hata siku za mvua na za ugonjwa, jambo geni kabisa zama zile.

Niliogelea pale. Maji ni ya baridi mno mwezi wa 5, lakini baada ya vumbi la siku mbili sikujali.

BintiUnguja

Asante kaka kwa uzi. Nina swali ambalo najua wengine wanalo ila hawaliulizi. Mimi ni mwanamke, navaa hijabu, ninaendesha baiskeli hapa Uingereza ninakoishi na ningependa kwenda peke yangu. Vijiji hivyo vitanipokeaje? Na chakula? Nimesikia kila kitu huko kina nguruwe.

MwanaWaMfongo

Dada yangu, swali lako ni la msingi na nitajibu ninayoyajua kwa macho yangu. Kuhusu mwanamke kusafiri peke yake waje kina dada waliofanya.

Vijijini kinachofungua milango ni salamu. Ukiingia dukani ukaanza na unachotaka kabla ya kusema "bonjour", umeshakosea, na mtu atakujibu kwa ukavu. Ukisalimia kwanza, ukasubiri ujibiwe, ndipo ukasema shida yako, mambo yanabadilika kabisa. Kwetu hilo tumelelewa nalo. Kuna macho yanayokutazama, sitasema hayapo, hasa vijiji ambavyo havijazoea wageni weusi. Mimi yaliishia kwenye maswali: unatoka wapi, umefika vipi mpaka huku, hiyo baiskeli bei gani.

Chakula: Castelnaudary ni mji wa cassoulet, maharage meupe yanayopikwa kwa saa nyingi kwenye chungu cha udongo kinachoitwa cassole, na vyungu hivyo asili yake ni kijiji cha Issel jirani pale. Ndani kuna nyama ya bata, soseji ya nguruwe na ngozi ya nguruwe. Kwa hiyo hicho kiache. Chakula cha njia ni mkate, jibini, mayai, nyanya, matunda ya gulio, na samaki ukikaribia Agde na Thau. Revel Jumamosi kuna gulio chini ya paa kubwa la mbao la tangu karne ya 14. Utashiba na utabeba.

Jambo la kushika kichwani: maduka ya vijijini yanafunga mchana, kama saa 6 hadi saa 8 na zaidi, Jumapili jioni hakuna kitu, na Jumatatu maduka mengi ya mikate hayafungui. Nimewahi kushinda na biskuti 4 kwa kutolijua hilo. Vijiji vingi havina duka hata moja; madirisha yamefungwa, waliobaki ni wazee, na gari la mkate linapita siku maalumu.

MamaWaLigi

BintiUnguja mdogo wangu, mimi nina miaka 47, nimepita kipande cha Carcassonne mpaka Béziers peke yangu mara mbili. Nalala kwenye nyumba za wenyeji, napiga simu siku moja kabla, namwambia mama mwenye nyumba nitafika saa ngapi. Mara ya kwanza nilichelewa kwa pancha, yule mama akatoka na gari lake kunitafuta kwenye njia ya mfereji. Vaa kofia juu ya mtandio mwepesi wa michezo, beba taa hata kama hutaki kutembea usiku, na usikubali giza likukute katikati ya vituo. Huko ni mashamba matupu, hakuna bodaboda wa kumuita.

Na msimu wa kuwinda, kuanzia Septemba hivi mpaka mwisho wa Februari, vaa rangi ya machungwa inayong'aa. Ukiona bango "Chasse en cours" maana yake bunduki zinatumika hapo leo. Geuza.

FundiSpoku

Tuingie kwenye chuma sasa. Tairi milimita 40 ulijaza upepo kiasi gani? Na ulitumia tyubu au maji ya kuziba? Hapa Moshi siku hizi naletewa baiskeli za watalii zina yale maji meupe ndani, mengine yamekauka yamekuwa kama ulimbo.

MwanaWaMfongo

Fundi, mimi na mzigo ni kama kilo 90. Nyuma niliweka bar 2.6, mbele 2.3. Kwenye msitu nikapunguza kidogo, kwenye mfereji wenye mizizi nikaacha hivyo hivyo. Upepo mwingi kwenye mizizi ya miti ya mfereji unakuvunja mikono. Kidogo mno unapiga rimu.

Maji ya kuziba, bila tyubu. Yalinisaidia kwenye miiba ya njia ya mashamba, pancha 2 zilijiziba zenyewe. Lakini siku ya 4 jiwe lenye makali likachana ubavu wa tairi, mpasuko kama sentimeta 2, maji yakamwagika yote. Ubavu haujizibi. Nikakumbuka fundi wa pale Marangu Mtoni utotoni: kipande cha tairi kuukuu ndani, kisha tyubu. Nilikuwa na tyubu ya akiba, na kipande cha tairi nilichokikata kabla ya kuondoka kwa sababu ya kumbukumbu hiyo tu. Nikamaliza safari nacho, km 150 na zaidi.

FundiSpoku

Hapo sawa. Ila kipande kikate kingo ziwe nyembamba, usikiache na kona kali, kona inakula tyubu taratibu. Na kiweke solusheni upande mmoja kisihame.

Njoro254

Salamu kutoka Nairobi. Huu uzi umenigusa kwa sababu changarawe ndiyo barabara yetu ya kila siku, na wazungu wameigundua majuzi wakaipa jina. Sisi tuna Migration Gravel Race kule Maasai Mara tangu 2021, na marehemu Sule Kangangi ndiye aliyetufanya wengi tuamini kwamba Mkenya anaweza kushindana na dunia kwenye vumbi. Alifariki Agosti 2022 akiwa mashindanoni Vermont, Marekani. Kila nikipanda baiskeli ya changarawe namkumbuka.

Swali langu ni la upepo. Nimesoma huko kusini upepo si mchezo.

MwanaWaMfongo

Pole sana ndugu yangu, na asante kwa kumtaja. Nami namkumbuka.

Upepo ndio unaoamua safari yako kuliko vilima. Kuna wawili. Cers unatoka kaskazini-magharibi, mkavu, unakusukuma kuelekea baharini. Autan unatoka kusini-mashariki na unaweza kuvuma siku kadhaa mfululizo. Ukikukuta unaelekea Béziers utakanyaga kwa gia za mlimani kwenye tambarare. Angalia utabiri kabla hujakata tiketi. Ukiona Autan, ahirisha, au badilisha: panda treni mpaka Béziers na uje nayo kinyume.

SIKU YA 3. Revel mpaka Naurouze kwa Rigole de la Plaine, mtaro wa tambarare, karibu km 40 ukianzia unapochukuliwa mto Sor pale Pont Crouzet. Mtaro unajipinda kama nyoka katikati ya mashamba kwa sababu unafuata usawa wa ardhi. Tahadhari moja: udongo wa huku, Lauragais, ni mfinyanzi. Siku hiyo asubuhi ilinyesha, na kwa saa mbili tope lilijaza nafasi kati ya tairi na fremu mpaka magurudumu yakagoma kuzunguka. Nilibeba kijiti cha kukwangulia. Mvua ikinyesha sana tumia barabara ndogo za lami sambamba, hakuna aibu.

Halafu ukafika Naurouze. Wakuu, hapa ndipo nilipoelewa kwa nini nilikuwa nachoka nikitokea Toulouse. Nilikuwa nimepita mahali hapa mara 3 nikaona bustani yenye miti mirefu na maji kidogo. Safari hii nilikuwa nimetembea na maji yale siku 3, nimeyaogelea, nimelala yakinipigia kelele dirishani. Yanafika pale, yanagawanyika: mengine yanakwenda kulia, Toulouse, mto Garonne, Atlantiki, mengine kushoto, Mediterania. Niliketi ukingoni zaidi ya saa nzima. Kwetu kugawa maji kuna zamu na kuna mzee wa kusimamia, na ugomvi wa zamu nimeuona kwa macho yangu. Pale yanagawanywa kimya kimya, tangu karne ya 17.

Riquet mwenyewe hakuuona mwisho wake. Alifariki tarehe 1 Oktoba 1680, mfereji ukafunguliwa Mei 1681. Mali yake aliimwaga humo.

SIKU YA 4. Castelnaudary hadi Homps, kama km 80, Cers mgongoni. Hapa lami imeisha kabisa, ni njia nyembamba ya udongo na changarawe ukingoni mwa maji. Malango ya maji ni ya umbo la yai. La kwanza lililojengwa na kuta zilizonyooka liliporomoka, wakajifunza kwamba ukuta uliopinda unahimili msukumo wa udongo. Carcassonne utaiona ngome yake kwa mbali. Mji huo zamani ulikataa kuchangia gharama, mfereji ukapita kando, mpaka 1810 ndipo ulipoingizwa mjini.

Baada ya Carcassonne kuna jambo linaloniuma. Picha zote za mfereji huu mnazoziona zina miti mikubwa, plane, matawi yamekutana juu ya maji. Ilikuwa 42,000. Kuna kuvu anayeua miti hiyo, aliingia Ufaransa na masanduku ya mbao ya risasi za jeshi la Marekani mwishoni mwa Vita ya Pili, na kwenye mfereji akagunduliwa mwaka 2006 karibu na Trèbes. Hana dawa. Mti ukiugua unakatwa na kuchomwa, na wa jirani pia. Maelfu ya miti imekwisha. Unapita kivulini, halafu ghafla kilomita nzima iko wazi, visiki, jua la saa 8 linakupiga, na vijiti vichanga vya aina nyingine vimefungwa kwenye nguzo. Wanapanda aina mbalimbali sasa, ili ugonjwa mmoja usiondoe zote tena. Mwenye umri wangu hatakaa chini ya kivuli hicho kikiwa kimekomaa. Nendeni mkaone iliyobaki.

YayaBukavu

Ndugu, mimi ni wa Bukavu, ninakaa Montpellier. Nimefanya kazi ya kuvuna zabibu huko Minervois Septemba mbili. Ulipita Le Somail? Nilikuwa ninapumzika pale darajani Jumapili.

MwanaWaMfongo

Nilipita ndugu yangu, SIKU YA 5, Homps hadi Béziers km 63. Lile daraja la mawe lililopinda na duka kubwa la vitabu vya kale jirani yake. Kipande hicho ndicho kitamu kuliko vyote vya mfereji kwa baiskeli ya changarawe, kwa sababu kuanzia Argens hakuna lango la maji kwa km 54; maji yanajikunja tu kati ya mizabibu yakifuata usawa. Kuna mahali, Répudre, mfereji wenyewe unapita juu ya daraja, kijito kiko chini. Ni la mwaka 1676.

Malpas usiipite haraka. Mfereji unatoboa kilima, kazi ya 1679. Acha baiskeli, panda juu Ensérune, tazama kaskazini: utaona Montady, ziwa lililokaushwa tangu 1247, mashamba yamekatwa pembetatu pembetatu kuelekea katikati kama spoku za gurudumu. Mitaro inapeleka maji katikati, kisha yanapita chini ya kilima kilekile.

Halafu Fonserannes pale Béziers, vyumba 8 vya maji vinavyofuatana kama ngazi, vinashusha maji zaidi ya mita 21.

SIKU YA 6 ni fupi, km 32, Agde na lango lake la mviringo lenye milango mitatu, kisha mnara mdogo wa taa wa Les Onglous ambako mfereji unaingia Thau. Changarawe inageuka mchanga. Nilichota maji kwa kiganja mdomoni mwa mfereji nikaonja: ya chumvi tayari.

Kipepeo_Same

Maji ya kunywa njiani ulipata wapi? Siku 6 na jua hilo.

MwanaWaMfongo

Makaburini, mkuu. Karibu kila kijiji kina makaburi yenye ukuta, na ndani kuna bomba kwa ajili ya kumwagilia maua. Bibi mmoja karibu na Saissac ndiye aliyenielekeza. Nilisita, maana kwetu huendi makaburini kutafuta maji, akanishika mkono akanipeleka mpaka bombani, kisha akanionyesha kaburi la mumewe. Soma kibao: "eau potable" unakunywa, "non potable" unaacha. Ingia kwa adabu, usiingie unaendesha.

MzeeWaKilema

Nimesoma yote. Mimi nimekuwa kwenye kamati ya mfongo wetu miaka mingi. Mfongo usiposafishwa mwaka mmoja unakufa. Hao wazungu huo wao nani anausafisha? Wanatoka watu wote kwa msaragambo kama sisi, au serikali?

MwanaWaMfongo

Shikamoo mzee wangu. Ni waajiriwa, si wanakijiji.

Siku ya pili, kabla ya Les Cammazes, niliwakuta wawili, baba mtu mzima na kijana, wanatoa matawi yaliyoangushwa na upepo usiku, reki na buti za mpira. Nikawasalimia, nikawaambia nimekulia kwenye kitu kama hiki. Yule baba hakuelewa, akadhani Kifaransa changu kimenipotosha. Nikachukua kijiti nikamchorea mavumbini: mlima, kijito, banio la mawe na magome ya migomba, mfongo ukizunguka migombani, nyumba ya babu. Akainama akatazama muda mrefu. Akaniuliza mteremko ni kiasi gani, tunaupimaje. Nikamwambia babu alikuwa anaachia maji nyuma ya jembe, maji yakisita anachimba zaidi, yakikimbia anainua.

Akacheka kwa furaha, akamwita kijana aje asikie, akanipa reki yake. Nikavaa glavu zangu za baiskeli tukatoa matawi pamoja kama nusu saa, mpaka maji yakapita.